Kumwongoza mwigizaji afikie hisia za kweli mbele ya kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa waongozaji wa filamu fupi na tamthilia za runinga hapa Mombasa, wengi wao wakifanya kazi kwa bajeti ndogo, kamera moja au mbili, na waigizaji ambao mchana wana shughuli nyingine za kujipatia riziki. Msimamo unaoyaunganisha ni kwamba hisia haiwezi kuagizwa moja kwa moja, na kwamba kazi ya mwongozaji ni kuandaa hali ambamo hisia itamjia mwigizaji bila ya yeye kuitafuta.

Mwigizaji wangu anayasema maneno yote sawasawa, lakini onyesho halina uhai. Nimwambie nini?

Kwanza, usimwambie aongeze hisia. Maelekezo kama "huzunika zaidi" au "onyesha hasira" hutaja matokeo, na matokeo hayatendeki. Mtu aliyefiwa hajaribu kuhuzunika. Anajaribu kupokea wageni, kutafuta sanda, kumpigia simu ndugu aliyeko Maskati, na huzuni humkuta katikati ya shughuli hizo, mara nyingi pale ambapo hakuitarajia. Mwigizaji aliyeagizwa ahuzunike hana cha kufanya isipokuwa kujitazama mwenyewe na kuukunja uso, na kamera huuona mkunjo huo mara moja.

Mpe badala yake mambo matatu: kitu anachokitaka kutoka kwa mwenzake, kitu kinachomzuia kukipata, na hasara itakayompata akikikosa. Chukua mfano wa kijana anayekuja usiku kumwambia mamake kwamba amepata kazi Doha na ataondoka kesho. Mama yuko jikoni anakanda unga wa mahamri, na katika skripti jibu lake ni fupi: "Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie." Ukimwambia mwigizaji aliseme kwa huzuni, ataivuta sauti, atainamisha kichwa, na mtazamaji ataelewa kwamba anatakiwa ahuzunike naye, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuhuzunika. Sasa mwambie hivi: "Habari unazo tangu juzi, jirani alikuletea. Hutaki ajue kwamba umeumia, maana akijua hatapanda ndege, na mshahara huo ndio utakaowasomesha wadogo zake. Na unga huu lazima uwe umeshaumuka kabla ya alfajiri." Maneno hayatabadilika hata moja, lakini mikono itaukandamiza unga kuliko inavyohitajika, jibu litatoka jepesi mno, karibu la furaha, na macho hayatainuka kutoka kwenye sinia. Hapo ndipo mtazamaji atakapoumia, kwa sababu ameachiwa nafasi ya kugundua mwenyewe.

Ni maneno ya namna gani yanayomsaidia mwigizaji zaidi?

Vitenzi vinavyomhitaji mtu wa pili. "Kuwa mkali" ni sifa, na sifa haielekei popote; lakini mtishe, mbembeleze, mpime, mtege, msute, mnyamazishe, mtoe aibu, yote haya ni matendo yanayomwelekea mwenzake na yanayoweza kufaulu au kushindwa. Kiswahili kimejaliwa vitenzi vya namna hii kwa wingi. Mtu yeyote aliyekulia Mombasa anajua kwamba kumsuta mtu si sawa na kumkaripia: anayesuta hutaka wengine wasikie, huchagua maneno ya pembeni, na wakati mwingine hutabasamu. Ukimpa mwigizaji kitenzi hicho kimoja, umempa pia mkao, kasi ya maneno na mahali pa kutazama.

Teki, yaani upigaji picha mmoja wa onyesho, ikishindikana, badilisha kitenzi kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote. Onyesho la mume anayemwomba mkewe arudi nyumbani likikwama katika kubembeleza, mwambie amkumbushe deni; hata kama teki hiyo haitatumika, inayofuata itakuwa na damu.

Waigizaji wangu wengi walianzia jukwaani. Wanapaza sauti na kufanya ishara kubwa. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake ni malezi mazuri wala si kukosa kipaji. Sehemu kubwa ya waigizaji wetu hupitia mashindano ya kitaifa ya drama ya shule na vyuo, kisha wengine hujiunga na vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule. Huko hujifunza kuhifadhi maneno, kufika kwa wakati na kutoogopa watu, lakini pia hujifunza kwamba mwanafunzi wa safu ya nyuma lazima asikie na aone, katika ukumbi usio na maikrofoni. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni mwake, na kinasa sauti kimefichwa chini ya ukosi wa kanzu.

Kumwambia "punguza" hakusaidii sana. Mara nyingi atapunguza sauti na nguvu kwa pamoja, na utabaki na mtu anayenong'ona bila ya haja yoyote. Mpe sababu ya kujizuia iliyomo ndani ya hadithi yenyewe. Mji wa Kale unakupa sababu hiyo bure: nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, dirisha linaelekeana na dirisha, na ugomvi wa mke na mume hauwezi kupazwa bila ya kuwa habari ya mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Mwambie mwigizaji kwamba khalati, mama yake mdogo, amelala chumba cha pili na ana usingizi mwepesi. Hasira yake haitapungua hata kidogo, itakosa tu mlango wa kutokea, na itaanza kuonekana kwenye taya, kwenye pumzi, kwenye namna anavyoweka kikombe mezani.

Mbinu nyingine ni kuwasogeza waigizaji karibu zaidi ya inavyoonekana kuwa lazima, kwa kuwa mtu hapazi sauti kwa aliye shubiri mbili mbele yake. Binafsi sipendi mwigizaji ajitazame kwenye monita, skrini inayoonyesha kile kamera inachokiona, katikati ya kazi, ingawa waongozaji wengine hulitumia hilo ili aone ukubwa wa ishara zake. Wachache hufaidika, walio wengi huanza kuuchunga uso.

Je, nimwombe mwigizaji akumbuke msiba wake mwenyewe?

Njia hii ina historia ndefu na mabishano marefu vilevile. Mwongozaji wa Kirusi Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko ukumbi wa sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwahi kuwafundisha waigizaji kuziamsha kumbukumbu za hisia walizozipitia. Mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg aliikuza njia hiyo huko New York hadi ikawa nguzo ya mafunzo yake. Lakini mwigizaji wa Kimarekani Stella Adler alipokutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, alirudi Marekani akisema kwamba mwalimu mwenyewe sasa alikuwa anatilia mkazo zaidi mazingira ya mhusika, matendo na ubunifu. Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1938, Stanislavski alikuwa akifanyia kazi mfuatano wa matendo ya mwili kama mlango wa kuingilia kwenye hisia.

Kwa mwongozaji wa kawaida, ushauri wangu ni kuuacha msiba wa mwigizaji ubaki wake. Hatuna utaalamu wa kuufungua wala wa kuufunga. Isitoshe, kumbukumbu huchakaa: inaweza kuleta machozi katika teki ya kwanza na kuwa kavu katika ya nne, na mwigizaji aliyezama ndani yake huacha kumsikiliza mwenzake. Akiamua mwenyewe kuitumia, hilo ni la siri yake, na hulazimiki kulijua. Swali lenye faida zaidi ni lile ambalo Stanislavski aliliita "kama" la ajabu: kama ungekuwa wewe ndiye uliyepigiwa simu hii, ukiwa umesimama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni na umati unakusukuma kwa nyuma, ungefanya nini cha kwanza?

Machozi hayatoki. Kuna ubaya kutumia dawa ya kuyaleta?

Hakuna. Vijiti vya mentholi vinavyopakwa chini ya macho hutumika kwingi duniani, almuradi visiguse jicho lenyewe na mwigizaji awe ameridhia. Swali la kujiuliza kabla ya hapo ni kama onyesho linayahitaji machozi kweli. Mtu anayepigana na machozi humshika mtazamaji kwa nguvu zaidi kuliko aliyekwisha kuyaachia, na mwigizaji aliyeambiwa "usilie hata kidogo, wanao wanakutazama" mara nyingi hujikuta analengwalenga bila ya msaada wa dawa.

Tunapoigiza msiba wa Mombasa, mbona waigizaji hulia kama kwenye filamu za kwingine?

Kwa sababu wameiga filamu badala ya kuangalia nyumba za jirani zao. Katika familia za Waislamu wa mji huu, kulia kwa makelele na kujirusha chini ni jambo linalokatazwa, na yuko daima mama mtu mzima atakayesogea na kusema, "Subira, mwanangu, mwombee." Wanawake wako ndani kwenye mikeka, wanaume wako nje kwenye mabenchi, mtu anahesabu vikombe, mwingine anauliza kama maji ya kuoshea maiti yamekwisha tengwa. Uzito wa onyesho umo katika utaratibu huo. Mjane atakaa eda ya miezi 4 na siku 10, na mwigizaji anayelifahamu hilo tayari ana kitu cha kufanya kwa mikono yake: kuvua vipuli, kukunja leso za rangi na kuziweka chini kabisa ya sanduku. Mpige picha akizikunja, na usimwombe zaidi ya hapo.

Familia ya Wamijikenda katika hadithi yako itaomboleza kwa namna nyingine, yenye nyimbo na ngoma, na familia ya Kikristo iliyotoka bara nayo ina taratibu zake. Muulize mtu wa jamii hiyo kabla ya kuandika onyesho, si siku ya kupiga picha.

Mazoezi yawe mengi kiasi gani kabla ya onyesho zito?

Fanya mazoezi mengi ya hali na uhusiano, lakini machache ya kilele chenyewe. Waigizaji wanaocheza ndugu wawili waliokosana wanaweza kuigiza siku ya ugomvi wa kwanza, ambayo haimo katika skripti. Wanaweza kwenda pamoja sokoni Kongowea wakajadiliana bei kama wahusika. Kilele kikisomwa kwa nguvu zote mara nyingi mno, mwigizaji atakikariri kama shairi, na siku ya kamera utapata nakala ya kitu kilichokuwa hai wiki iliyopita. Kwenye usomaji wa mezani waache waseme maneno hayo kwa sauti ya kawaida, bila ya kuyaigiza.

Zoezi moja la Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, linafaa sana kwa waigizaji waliozoea kusubiri zamu yao ya kusema. Wawili hukaa wakitazamana. Mmoja husema jambo analoliona, "Umevaa shati jeupe," na mwenzake hurudia, "Nimevaa shati jeupe," na hivyo hivyo, mara kumi, mara ishirini, bila ya kulazimisha mabadiliko. Baada ya muda sentensi ile ile inaanza kuwa tuhuma, kisha mzaha, kisha kero, kwa sababu kila mmoja anaitikia alichokisikia wala si alichokipanga. Usikilizaji huo ndio unaokosekana katika maonyesho mengi tunayodhani yamekosa hisia.

Mwigizaji wangu ni mtu mzima anayenizidi umri kwa mbali. Namrekebishaje bila ya kumvunjia heshima?

Usimrekebishe kamwe kwa kupaza sauti ukiwa nyuma ya monita. Nenda alipo yeye, inama au keti ili usimsimamie, na umwambie kwa sauti ambayo mpigapicha hataisikia. Mwite kama unavyomwita siku zote, mama, ami au ustadhi, na uliweke elekezo katika umbo la swali: "Mama, hivi huyu Bi Zuhura akishajua kwamba mwanawe amemdanganya, ataendelea kumpa chai au ataiacha pale mezani?" Mzee atafikiri, atajibu, na jibu lake huwa bora kuliko ulilokuja nalo. Hii si hila ya adabu peke yake. Mtu mzima amewahi kudanganywa, kuoa au kuolewa, kuzika, kusamehe, na ukimpa elekezo lililofungwa unajinyima hazina hiyo yote.

Kuna wakati utalazimika kukataa alichopendekeza. Piga teki moja kwa njia yake, kwa dhati na si kwa kumridhisha, kisha omba moja "kwa ajili ya mhariri".

Waigizaji wa kike na wa kiume hawako tayari kugusana. Je, mapenzi yataonekana vipi?

Mipaka hiyo iulizwe mapema, kila mtu peke yake, na ikikubaliwa isijadiliwe tena mbele ya kikosi. Haipunguzi chochote. Mapenzi yanayoweza kuguswa wakati wowote hayana mvutano, ilhali mkono unaosogeza sahani ya viazi karai upande wa pili wa meza na kusita kidogo kabla ya kuiachia unaweza kubeba onyesho zima. Kazi yako ni kuchagua kitu kitakachopita kati yao: simu, funguo, mtoto, kikombe cha kahawa.

Ni picha ipi ipigwe kwanza, ya mbali au ya karibu?

Desturi ni kuanza na picha pana, na kwa maonyesho mengi desturi hiyo ni sawa. Lakini mwigizaji aliyeyatoa yote katika picha pana, ambamo uso wake ni mdogo kama punje, anaweza kufika kwenye picha ya karibu akiwa mtupu. Mjue kila mmoja. Wako ambao teki yao bora ni ya kwanza au ya pili, na hao waanze kwa picha ya karibu, taa zikiwa zimeshapangwa kabla hawajaitwa. Wengine huhitaji kupashwa moto, na kwao picha pana ni mazoezi yenye faida.

Jambo linalopuuzwa mno katika filamu zetu ni mwigizaji aliye nje ya picha. Mwenzake anapigwa picha ya karibu, yeye amekwenda kunywa chai, na msaidizi anamsomea maneno kama anayesoma risiti. Uso unaopigwa picha hauna wa kumwitikia. Mwigizaji wa nje ya picha abaki pembeni mwa lenzi, acheze kwa nguvu zake zote, na ikibidi useme naye faraghani abadilishe kitu kidogo ili mwenzake ashtuke.

Kumbuka pia kwamba uso hausemi peke yake. Mwongozaji Lev Kuleshov, katika miaka ya mwanzo ya sinema ya Kisovieti, anasimuliwa kuwa aliunganisha picha ile ile ya uso wa mwigizaji na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na tamaa katika uso ambao haukubadilika. Onyesho likipwaya, huenda kinachokosekana ni picha ya kile anachokitazama.

Adhana, tuktuk na honi za kivuko hukatiza teki. Mwigizaji atarudije katika hali aliyokuwa nayo?

Adhana si ajali, ina saa zake, na mpangaji ratiba anayeiacha nje ya karatasi ya siku amejitakia. Magharibi ya Mombasa haibadiliki sana mwaka mzima, huzungukia saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo usiweke kilele cha onyesho la Mji wa Kale dakika kumi kabla ya hapo. Misikiti ni mingi na haianzi wala kumaliza pamoja, basi acha nafasi ya kutosha. Kelele zisizo na ratiba zikija, kikosi kinyamaze, mtu asianze kucheka wala kushika simu, na mwigizaji arudie tendo la mwisho la mikono kabla ya kurudia maneno. Mwili hukumbuka haraka kuliko kichwa.

Katika mwezi wa Ramadhani, maonyesho mazito yapangwe asubuhi au baada ya futari. Saa tisa alasiri, kwenye joto la kaskazi, hakuna maelekezo yatakayomfikisha mtu popote.

Vipi kuhusu watoto?

Usimdanganye mtoto ili alie, wala usimtishe. Mzazi au mlezi awepo kwenye seti, onyesho liwe mchezo wenye kanuni ambazo mtoto anazielewa, na huzuni yake itengenezwe zaidi na uhariri. Mtoto anayehesabu vigae kwa makini, akiunganishwa na picha ya mlango uliofungwa, anatosha.

Mwigizaji huzungumza Kiswahili sanifu vizuri, lakini hisia zinakufa. Kwa nini?

Huenda hajawahi kugombana kwa lugha hiyo maishani mwake. Mtu wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, akishtuka husema "sikuyua", na ukimlazimisha aseme "sikujua" kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, sehemu ya akili yake itakwenda kusahihisha badala ya kushtuka. Mruhusu alete maneno ya nyumbani kwao, ukichunga tu kwamba ndugu wawili wa hadithi moja wasisikike kama wametoka pwani mbili tofauti. Aliyekulia Kisumu na anacheza Mswahili wa Kuze apewe muda na mtu wa kuzungumza naye wiki kadhaa mapema, maana lafudhi inayotafutwa wakati kamera inazunguka huimeza hisia yote.

Nitajuaje ni teki ipi ya kubaki nayo?

Acha kutazama kama anayekagua makosa. Teki yenye neno lililokosewa lakini iliyokufanya usahau kuangalia ukingo wa fremu inafaa kuliko iliyo safi, na neno moja linaweza kufunikwa kwa picha ya msikilizaji. Usiseme "kata" punde maneno yanapokwisha. Subiri sekunde kumi, kwa sababu mengi ya yale yaliyozuiwa huonekana usoni pale mwigizaji anapodhani kazi imekwisha. Andika namba ya teki hiyo papo hapo pamoja na sababu ya kuipenda, kisha umpe mhariri karatasi hiyo. Teki mbili au tatu ulizozielekeza kwa vitenzi tofauti mpelekee pia, hata kama ulishachagua, kwa kuwa onyesho lililotangulia likifupishwa mezani kwake, kiasi cha hasira kilichofaa siku ya kupiga picha huenda kikawa kimezidi.